Meza ya Chuma ya Fundi wa Nyumbani: Mazungumzo kwa Wachomeleaji wa Thika na Ruiru



Geti la kawaida la ploti lina upana wa futi 12 na urefu wa futi 8. Hugawanywa milango miwili, kila mmoja futi 6 kwa 8. Fundi asiye na meza huujenga mlango huo chini, juu ya udongo au sakafu yenye mabonde. Anaweka jiwe hapa, kipande cha mbao pale, anafunga jicho moja kuangalia kama umenyooka, kisha anachomelea. Kona ya chini ikikosea kwa digrii 1 tu, huko juu mlango utakuwa umeenda kombo karibu milimita 43, yaani upana wa vidole vitatu hivi. Geti hilo halifungi. Mwenye nyumba anazuia salio, fundi anakata na kuchomelea upya kwa rodi na mawe ya grinda ya kununua mwenyewe, na faida ya wiki nzima inaishia kwenye cheche.

Ndiyo sababu mazungumzo haya ni ya meza. Wengi hudhani kwamba anayetaka kuanza kazi ya vyuma anahitaji kwanza mashine kubwa. Mashine anaweza kuikodi, hata kuiazima. Mahali palipo sawa pa kuweka chuma hapaazimwi.

Eneo hili halikosi historia ya vyuma. Thika ina kiwanda cha kuunganisha magari cha KVM, kilichoanza miaka ya 1970 kikiitwa Leyland Kenya, na Ruiru ina kiwanda cha chuma cha Devki. Katikati ya viwanda hivyo kuna mafundi wa jua kali, kuanzia Makongeni na Kiganjo hadi Kimbo na Githurai. Serikali iliwatambua rasmi kwa sera, kupitia Waraka wa Bunge Nambari 2 wa 1992 kuhusu biashara ndogo na jua kali, kisha ikaja Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Sana ya 2012. Mwaka huo huo wa 2012 ndio barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa. Nyumba zikaongezeka kando yake, na kila nyumba ikataka geti, madirisha na ngazi. Lakini hifadhi ya barabara si mahali pa kujenga kibanda cha kudumu, kwa hiyo mafundi wengi wamerudi kufanyia kazi uani kwao. Fundi wa uani ana mambo mawili ya kufikiria ambayo yule wa barabarani hakuyafikiria sana: ploti mara nyingi ni ya kukodi, na majirani wako umbali wa ukuta mmoja.

Kwa hiyo meza yake iwe nzito ya kutosha kutotikisika, na iweze kufunguliwa siku ya kuhama.

Kipimo kinachomfaa ni futi 4 kwa 4. Bamba la chuma huuzwa likiwa futi 8 kwa 4, na nusu yake inatosha. Unene? Video nyingi za ng'ambo zinaonyesha meza za milimita 20 na zaidi. Kwa anayetengeneza magetini na madirishani hapa, huko ni kuzika pesa. Milimita 10 zinatosha, mradi bamba lenyewe halijapinda. Bamba la milimita 6 lililonyooka ni bora kuliko la milimita 16 lililotolewa kwenye lori lililoanguka.

Hapa kuna hesabu ambayo kila fundi angeibeba kichwani. Mita moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita 1 ina uzito wa karibu kilo 7.85. Nusu bamba ya futi 4 kwa 4 ni karibu mita 1.49 za mraba, kwa hiyo kwa milimita 10 inakaribia kilo 117. Vyuma vya mitumba huuzwa kwa kilo, na mizani ya muuzaji haina huruma. Akitajiwa kilo 140 kwa kipande hicho, fundi ana haki ya kuuliza zile 23 zimetoka wapi.

Na anunue kwa muuzaji mwenye leseni, apewe risiti. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inataka wauzaji wawe na leseni. Januari 2022 biashara hiyo ilisimamishwa nchi nzima kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na minara ya umeme, ikafunguliwa tena Mei. Kipande cha reli ya ulinzi ya barabara kuu au mfuniko wa mtaro kinaweza kuonekana bei nafuu sana, lakini kinaweza kumfikisha fundi mahakamani akiwa na meza yake kama kielelezo.

Miguu minne ikatwe kwenye skwea tyubu ya milimita 75 kwa 75 yenye unene wa milimita 3, kila mguu sentimita 80. Fremu ya juu na vyuma vya kufunga miguu chini viwe vya milimita 50 kwa 50, unene uleule. Tyubu mbili za mita 6 za hiyo 50 na moja ya 75 zinatosha, na kipande kinabaki. Fremu iwe ndogo kuliko bamba kwa sentimita 8 kila upande, ili ukingo uliobaki ushikwe na klempu. Mafundi wengi husahau ukingo huo. Hulinganisha fremu na bamba ipendeze machoni, kisha wanahangaika miaka yote kutafuta pa kufunga klempu. Ndani ya fremu ziongezwe tyubu mbili za kukingama, bamba lisizame katikati.

Upande mmoja wa chini uachwe wazi bila tyubu. Huo ni wa magoti na miguu ya anayefanya kazi.

Sasa, fremu yenyewe itajengwa wapi wakati meza haipo? Hilo ndilo fumbo la kazi hii. Njia iliyo rahisi ni kulitumia bamba lenyewe. Lilazwe chini, liegemezwe mpaka pima maji ikubali pande zote, na fremu ijengwe juu yake kichwa chini. Tyubu zikikatwa sawa, skwea ikaguswa kila kona, zishikizwe kwa nukta ndogo za moto kwanza. Hakuna kumaliza mshono wowote kabla ya kupima pembe hadi pembe. Kwa fremu ya sentimita 106 kila upande, vipimo vyote viwili viwe karibu sentimita 150, na jambo kubwa ni kwamba vilingane. Vikipishana, kona ndefu igongwe kwa nyundo kidogo kidogo. Nukta inakubali kupindwa. Mshono uliokamilika haukubali.

Moto ndio adui wa unyoofu. Chuma kikipata joto kinatanuka, kikipoa kinavuta kuelekea upande wa mshono. Anayechomelea kona moja mpaka mwisho ndipo aende ya pili anaona fremu ikijikunja mbele ya macho yake. Heri achome sentimita 2 au 3 kona hii, avuke kona ya mkabala, arudi, na asubiri. Rodi za geji 10 kwenye ampea 100 hadi 130 zinafaa kwa miguu. Tyubu nyembamba zinapenda geji 12 na ampea chini ya 90. Kabla ya kufunga miguu kabisa, kamba mbili zivutwe kwa mshazari kutoka ncha ya mguu hadi ncha ya mguu wa mkabala, zikivukana katikati. Zikigusana kidogo tu, miguu iko kwenye usawa mmoja. Kamba moja ikiisukuma nyingine, au pakiwa na mwanya, kuna mguu unaodanganya.

Bamba lisichomelewe moja kwa moja kwenye fremu pande zote. Vipande sita vifupi vya engo laini vishikizwe upande wa chini wa bamba, kila kimoja kwa mshono wa sentimita 2, kisha vifungwe na fremu kwa bolti na nati. Pakiwa na mwanya kati ya fremu na bamba, washa nyembamba zinaingizwa mpaka bamba litulie. Siku ya kuhama bolti zinafunguliwa, watu wanne wanabeba bamba, wawili wanabeba fremu ya kilo 60 na kitu. Fremu ikilazwa ubavu inapita kwenye mlango wenye nafasi ya sentimita 90. Apime mlango wake kwanza, maana imewahi kutokea zaidi ya mara moja kwamba meza imekamilika ndani ya chumba na haitoki.

Chini ya kila mguu nati kubwa ichomelewe, bolti ya milimita 16 iingie humo kichwa chini. Uani hakuna sakafu iliyo sawa, na bolti hizo ndizo zitakazoisawazisha meza. Rangi ya kuzuia kutu ipakwe kwenye fremu na miguu. Juu ya bamba isipakwe, kwa sababu rangi huzuia umeme na hutoa moshi mbaya ikiungua. Mafuta mepesi yakipanguswa jioni yanatosha.

Swali ambalo mafundi huuliza ni hili: mlango wa futi 6 kwa 8 utakaaje juu ya meza ya futi 4? Hautakaa wote. Kona moja hujengwa mezani, na ncha ndefu zikaegemezwa kwenye farasi wawili wa chuma wenye kimo kilekile cha meza. Kisha kona inayofuata. Namba zenyewe zinasaidia: mlango wa futi 6 kwa 8 ulio sawa una futi 10 kamili pembe hadi pembe. Ikisoma futi 10 pande zote mbili, geti litafunga.

Umeme unahitaji maneno makali zaidi. Kwenye ploti ambako vyumba sita vinatumia mita moja ya tokeni, mashine ikiwashwa taa za jirani hufifia na tokeni huisha kabla ya chajio. Soketi ya kawaida ya ampea 13 haikukusudiwa mashine ya kuchomelea, na ikilazimishwa hupata joto ukutani mahali ambapo hakuna anayeona. Fundi amwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA amvutie laini yake pekee yenye kikata umeme chake, na apatane na mwenye ploti kuhusu mita. Waya wa kurudisha umeme, ule unaoitwa athi, ufungwe kwenye meza au kwenye kazi yenyewe. Usifungwe kamwe kwenye bomba la maji wala ua wa mabati wa jirani.

Macho nayo. Miwani ya jua si kinga. Kioo cha nambari 10 au 11 kinahitajika, na mtoto aliyesimama mlangoni akitazama mwanga ule anaumia kama fundi. Maumivu huja usiku, macho yakihisi kama yamejaa mchanga. Dawa yake iko kituo cha afya, haiko kwenye kipande cha kiazi. Vivyo hivyo na maziwa. Chuma kilichopakwa zinki kikichomwa hutoa moshi mweupe, na jioni fundi hutetemeka kama mwenye malaria. Maziwa huenda tumboni. Moshi ulienda kwenye mapafu. Zinki iondolewe kwa grinda sehemu ya mshono, huku amevaa barakoa, na kazi ifanyiwe mahali penye upepo. Tangi au pipa lililowahi kubeba mafuta lisiguswe hata kama mteja anasema limekauka.

Baada ya kazi, nusu saa ya kukaa karibu ni sehemu ya kazi. Cheche huingia kwenye gunia, kwenye nyasi kavu za banda la ng'ombe, na huanza kuwaka mtu akiwa mezani anakula.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti udhibiti wa kelele, leseni za biashara, huduma za zimamoto na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo anayepokea kazi za wateja uani anahitaji kibali cha biashara, na kuuliza mapema kama ploti ile inaruhusiwa shughuli hiyo. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka viwango vya chini zaidi usiku, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Grinda ya saa nne usiku ndiyo huleta malalamiko; ya saa nne asubuhi haimshtui mtu. Wengine wamemaliza ugomvi kwa kumwonyesha jirani meza na kumtengenezea mguu wa kiti uliovunjika.

Na kwa kijana aliyejifunza kazi hii kwa kutazama, bila cheti, mtihani wa ufundi wa NITA uko wazi kwake, kuanzia Gredi ya Tatu. Huko atapimwa kwa mshono wake. Kazi ya kwanza ya kufanyia mazoezi anayo tayari, ina miguu minne, na ikiharibika atakayeilalamikia ni yeye mwenyewe.