Imani Inayoonekana Sokoni na Mezani

Leo tunazungumza na papa na mama wa Butembo na Beni, na wote wanaolea: bibi, shangazi, hata kaka mkubwa aliyebaki na wadogo zake.

Parokia zetu zina mafundisho ya komunyo na kipaimara, na vikundi vya watoto vya Kizito-Anuarite. Makanisa ya Kibaptisti ya CBCA na ndugu zetu wa madhehebu mengine wana masomo yao ya watoto. Tunawashukuru makatekista na walimu hao, maana wengi wanafanya kazi bila mshahara. Lakini mtoto hukaa nao saa chache tu kwa juma. Saa nyingine zote yuko mikononi mwetu.

Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 6. Musa anawaambia wazazi wawafundishe watoto maneno ya Mungu wakiketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Hakutaja mahali pa ibada. Alitaja siku ya kawaida ya familia. Basi neno langu la leo ni hili: mtoto hushika imani anayotuona tukiishika hata pale inapotutia hasara.

Tuanze njiani. Butembo ni mji wa biashara, na watoto wetu wengi husaidia kuuza siku wasipoenda shuleni. Mama anauza maharage kwa kopo. Kuna kopo zima, na kuna kopo lililogongwa kwa nyundo mpaka kitako kikaingia ndani. Mteja akilitazama kwa juu haoni tofauti, lakini anaondoka na pungufu ya konzi moja. Mtoto aliyekaa kando ya gunia anajua. Pengine yeye ndiye hutumwa kulileta kopo hilo. Jioni tukimkaririsha amri ya kutoiba, ataikariri vizuri sana, na moyoni atajua kwamba amri ni ya kukariri.

Kitabu cha Mithali, mwanzoni mwa sura ya 11, kinasema Mungu anaichukia mizani ya udanganyifu. Mama, ukiliacha kopo hilo, usinyamaze. Mwambie mtoto: "Tutapata faida ndogo, ila hatutakula cha mtu." Somo hilo ataondoka nalo hadi uzeeni.

Tunaye shahidi wa jambo hili katika mkoa wetu huu wa Kivu ya Kaskazini. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, akaajiriwa katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, OCC. Alikuwa mwanachama wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, na alitumia muda wake na watoto wa mitaani. Kazini alishawishiwa kwa rushwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite mpakani. Alikataa, kwa sababu chakula kile kingewadhuru watu. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mwenyeheri.

Wasimulieni watoto habari zake, hata ninyi msio Wakatoliki. Hakuwa padri wala mchungaji. Alikuwa kijana wa ofisini mwenye kalamu na mhuri. Uthabiti wa namna ile hujengwa kidogokidogo, tangu mtoto anapotumwa dukani na kurudisha chenji yote.

Sasa tuketi mezani. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamezikimbiza familia nyingi kutoka Eringeti, Mbau na vijiji vingine. Wengi hawakuishia kambini. Walipokelewa na jamaa na marafiki, wakalala sebuleni. Huenda nawe una mtoto wa namna hiyo nyumbani. Wanao wanatazama: nani anapewa bugali wa kutosha na nani anasubiri makombo? Nani anaamshwa alfajiri kwenda kuteka maji, na nani anaachwa alale? Ukiwapa sahani zilizo sawa na zamu zilizo sawa za kubeba bidoni, umekwisha kuwafundisha habari ya Msamaria mwema. Chakula ni kidogo, najua. Hapo ndipo somo linapokuwa na uzito.

Kisha kulala. Sala ya jioni isiwe ndefu. Kila mmoja ataje jambo moja la kushukuru na jambo moja linalomsumbua. Mtoto akisema, "Naogopa watakuja usiku," usimkemee kwamba hana imani. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Mungu atatusahau hadi lini. Basi na mtoto ana ruhusa ya kuuliza. Usimwambie kwamba waliouawa waliadhibiwa na Mungu. Usimpe ahadi usiyoweza kuitimiza. Mwambie uko naye, na Mungu hamwachi anayelia. Wala usimfundishe kulichukia kabila au dini nzima kwa sababu ya wauaji. Na mtoto akikaa majuma mengi hasemi, halali, au anashtukashtuka, mpelekeni kituo cha afya. Sala na msaada wa wataalamu havigombani.

Mwisho, kuamka na kunawa. Mnakumbuka mlipuko wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Uliua watu zaidi ya 2,200. Milangoni mwa makanisa kuliwekwa ndoo za kunawia, tukaacha kupeana mikono. Kuna watoto walioelezwa na wazazi kwamba kunawa ni kumlinda jirani. Wengine waliwasikia wakubwa wakisema ugonjwa ule ni biashara tu. Kila mtoto alibaki na alichokisikia kwao. Asubuhi, kabla ya shule, mtoto anapokea namna yetu ya kusema ukweli na ya kuwajali wengine. Na kama jana ulimpiga au kumtukana bila haki, asubuhi ndiyo saa ya kumwomba msamaha. Heshima yako haipungui. Atajua kwamba toba ni ya wakubwa pia.

Kazi ya juma hili ni hii. Papa na mama, ketini wawili, mtaje jambo moja nyumbani kwenu ambalo mtoto anaona haliendani na sala zenu: kopo, sahani, deni msilolipa, au neno mnalomsema jirani. Lirekebisheni, kisha mwelezeni mtoto sababu waziwazi. Mkiwa kwenye shirika au kikundi cha maombi, saidianeni; mjane na mlezi mwenye umri mdogo wasiachwe peke yao.

Mungu awabariki, azilinde nyumba zenu na watoto wote wa Butembo na Beni.