Kabla Hamjaikata Namba



Wahitimu wa takwimu, muda si mrefu mtakabidhiwa majedwali yaliyojazwa na watu wengine, na mtaambiwa mtafute wastani. Chukueni uzito wa watoto 10 waliozaliwa kwenye zahanati moja. Wanane wako kati ya kilo 2.8 na 3.4, jumla yao ni 24.8. Wa tisa ameandikwa 31, wa kumi 1.4. Excel inatoa wastani wa 5.72, uzito ambao hakuna mtoto hata mmoja pale aliyekuwa nao.

Dawa yake mmefundishwa: fomula ya TRIMMEAN. Mkiipa 0.2, inakata namba moja juu na moja chini, wastani unakuwa 3.1, na ripoti inapendeza. Mimi ripoti hiyo inanitia hofu. Ile 31 ni nukta iliyosahauliwa. Mtoto alikuwa na kilo 3.1. Lakini 1.4 ni mtoto njiti. Yuko hai, anahitaji joto na maziwa, na fomula imemfuta sawasawa na kosa la kalamu. Fungueni daftari la wodi, rudisheni nukta, njiti abaki kwenye hesabu: wastani wa kweli ni 2.93.

Kukata kuna mahali pake. Kwenye mashindano ya kupiga mbizi yenye waamuzi 7, alama mbili za juu na mbili za chini huondolewa ili mwamuzi mmoja asimbebe wala kumwangusha mtu. Ila sheria hiyo inajulikana kabla yeyote hajaruka.

Pasipo sheria, tazameni Antaktika. Vipimo vya ozoni vya setilaiti ya NASA vilivyoshuka chini ya vizio 180 vya Dobson vilikuwa vikiwekewa alama ya shaka na programu. Mwaka 1985 mwanasayansi Joe Farman na wenzake wawili, kwa kifaa cha ardhini huko Halley Bay, ndio waliotangaza kwamba ozoni inapotea. Setilaiti nayo ilikuwa imeliona hilo.

Kwa hiyo nawaomba: data ya asili isiguswe. Ongezeni safu pembeni, andikeni namba mliyoiacha na sababu yake. Na mkubwa wa kazi akiwaharakisha, mwambieni kwa heshima kwamba kwanza mnapiga simu zahanati.