Paa Lililofungwa Vema

Tufani si mgeni kabisa katika pwani yetu. Mwaka 1872 iliipiga Unguja ikang'oa mikarafuu. Wako wasemao kwamba ishukapo, nyumba husimama au huanguka kwa majaliwa tu, wala fundi hana la kufanya. Nataka kuwaeleza habari za jimbo la Florida, katika Marekani, mpate kuyapima maneno hayo.

Alfajiri ya tarehe 24 Agosti, 1992, tufani iliyoitwa Andrew iliipiga wilaya ya Dade, kusini ya mji wa Miami, kwa upepo wa maili 165 kwa saa. Nyumba zaidi ya 25,000 ziliharibika kabisa katika wilaya hiyo. Wala haikukosa sheria ya ujenzi. Ilikuwa nayo tangu 1957, na ilisifiwa sana. Lakini watu walipochungua vifusi waliona mbao za paa zilizoshikizwa kwa pini za chuma badala ya misumari, tena nyingine zilikosa kenchi, zikaning'inia hewani. Sheria ilikaa kabatini, na fundi alikuwa juu ya paa.

Wengi hudhani kwamba upepo huisukuma nyumba tu. La, upitapo juu ya paa hulivuta kwenda juu, kama mtu afunuaye chungu. Na dirisha likivunjika, upepo huingia ndani ukalisukuma paa kutoka chini. Kwa hiyo sheria zilizotolewa baadaye, na zile za jimbo zima zilizoanza 2002, zaamuru kenchi zifungwe ukutani kwa mikanda ya chuma, na ukuta ufungwe na msingi, hata nyumba yote iwe kama mzigo uliokazwa kamba. Mahali penye hatari zaidi, madirisha huwekewa vifuniko imara, au kioo kilichojaribiwa kwanza kwa kurushiwa ubao wa ratili 9.

Gharama huzidi, tusifiche. Lakini tufani Charley ilipoupiga mji wa Punta Gorda mwaka 2004, wachunguzi waliona kwamba nyumba zilizojengwa kwa sheria mpya ziliumia kidogo kuliko za zamani.

Na hizo za zamani je? Hazikubomolewa. Ila mwenyewe akitaka kuezeka upya, sharti mbao za chini zipigiliwe misumari tena kwanza, na mkaguzi aione kazi hiyo kabla haijafunikwa.