Mkosi, Nuhusi na Riziki: Msamiati wa Bahati katika Uvuvi wa Samaki Wakubwa

Uvuvi wa bahari kuu kwa ajili ya mchezo una umri mfupi mno ukilinganishwa na uvuvi wa riziki. Klabu ya Tuna ya Avalon, katika kisiwa cha Santa Catalina, California, iliundwa mwaka 1898; shirika la IGFA, ambalo husimamia kanuni na rekodi za mchezo huu duniani, lilianzishwa mwaka 1939. Mwambao wa Waswahili uliingia katika historia hiyo mapema. Mwaka 1934 mwandishi Ernest Hemingway, baada ya kuwinda na kuugua tumbo la kuhara damu huko Tanganyika, alishuka Malindi kuvua. Tangu hapo Malindi, Watamu, Shimoni na mkondo wa Pemba yamekuwa majina yanayojulikana na wavuvi wa mchezo huo. Msimu wao mkubwa ni wa kaskazi, kwa kuwa kusi huichafua bahari.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba mchezo huu wa matajiri, wenye injini kubwa na vyombo vya kupimia kina, umejaa miiko. Mwiko mashuhuri zaidi ni wa ndizi: katika mashua za Florida na Hawaii, abiria aliyepakia ndizi huweza kutakiwa azitupe kabla nanga haijang'olewa. Maelezo ni mengi. Wako wasemao kuwa merikebu za ndizi zilikwenda mbio mno hata mshipi usiweze kurambazwa nyuma yake. Wengine hutaja buibui wenye sumu waliojificha katika mikungu. Maelezo yote hayo yana harufu ya kubuniwa baada ya mwiko wenyewe kuzoeleka. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, ambako ndizi ni chakula cha kila siku, mwiko huo ni mgeni aliyeshuka pamoja na mizigo ya watalii.

Kiswahili, hata hivyo, hakikuwa kikingoja kufundishwa habari za bahati mbaya. Mkosi ni neno la Kibantu linalotokana na kitenzi kukosa: aliyepatwa na mkosi, kwa asili ya neno, ni yule ambaye kitu kilimpita asikipate. Hakuna neno linalomfaa zaidi mvuvi. Nuhusi, lenye asili ya Kiarabu, hutazama mbali zaidi, kwenye saa na siku na nyota. Ni ubaya uliokwisha kuandikwa kabla mashua haijasukumwa majini. Kisirani nacho humwandama mtu au kitu, hata watu wakasema fulani ana kisirani na wasipende kufuatana naye. Tofauti hizi si za anasa. Katika riwaya ya Hemingway iliyotoka mwaka 1952, mzee amekaa siku 84 bila samaki, na wazazi wa kijana anayemsaidia wamemhamishia mwanao chombo kingine. Mwandishi alilazimika kuazima neno la Kihispania, salao, ili kuieleza hali hiyo. Mfasiri wa Kiswahili atakayeandika mkosi atakuwa amesema kwamba mzee amekosa; atakayeandika kisirani atakuwa amesema kwamba mzee anaambukiza. Uamuzi wa wazazi wale unaeleweka kwa neno la pili tu.

Neno ndege linastahili kutajwa hapa, ijapokuwa kwa ufupi. Waswahili humtakia msafiri ndege njema, na ndege mbaya ni dalili ya shari. Nahodha wa mashua ya mchezo naye huwatafuta ndege, kwa macho yake mawili: wanapozama na kuibuka juu ya maji, chini yao wamo dagaa, na chini ya dagaa wamo jodari. Elimu na fali zimekaa katika neno moja, na huenda hazikupata kutenganishwa kabisa.

Kitovu cha suala hili, hata hivyo, ni riziki. Mvuvi wa ngalawa hasemi kwamba ana bahati ya samaki bila kukumbuka kwamba riziki hugawiwa na Mwenyezi Mungu. Katika pwani ya kusini ya Kenya wavuvi wametoa sadaka kwa mizimu ya bahari, mahali maalumu palipoheshimiwa, na watafiti wa uvuvi waliziandika desturi hizo katika miaka ya 1990. Mvuvi wa mchezo yuko katika hali nyingine. Mara nyingi samaki wake hutiwa alama na kuachiliwa, na mashua hurudi na bendera badala ya nyama. Alichokitafuta ni bahati tupu, iliyotengwa na chakula. Pengine ndiyo sababu miiko yake ni mikali hivyo: asiye na njaa ya kumsukuma hubakiwa na bahati peke yake ya kuogopea.

Bahati hiyo ina mwenyewe kwa mujibu wa kanuni. IGFA hairuhusu mtu mwingine kuugusa mwanzi wala mshipi tangu samaki anapokamata chambo. Akigusa, rekodi imebatilika. Nduaro mweusi wa Cabo Blanco, Peru, mwenye uzito wa ratili 1,560, yaani kilo 707 na zaidi, aliyevuliwa tarehe 4 Agosti 1953, ameandikwa kwa jina la Alfred Glassell Jr. Ndivyo rekodi zote zinavyoandikwa. Nahodha aliyesoma maji, na baharia aliyefunga chambo, hawana mstari wao.

Kamusi nazo hazijawatendea haki watu hao. Nduaro, sulisuli na mbasi ni majina yanayobadilishana samaki kutoka bandari hadi bandari, na msomaji anayetaka kujua yupi ana pezi kama tanga na yupi ana milia huishia mara nyingi kuambiwa kwamba hiyo ni aina ya samaki. Wanaoweza kumjibu wamo mashuani, na wengi wao sasa huwataja samaki hao kwa majina ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo wateja wanayoyauliza. Kazi ya kuyakusanya majina haya, bandari kwa bandari, pamoja na miiko inayoyazunguka, haihitaji mashua ya gharama; yatosha kuwakuta mabaharia ufukweni wakati wa kusi, mashua zikiwa zimepandishwa nchi kavu.