Helikopta Inapozimika Injini Angani

Msikilizaji, wengi huamini kwamba helikopta ikizimika injini huanguka kama jiwe. Sivyo. Rubani hushusha mara moja wenzo ulio kushotoni mwake ili kupunguza mwinamo wa mapangaboi. Helikopta inaposhuka, hewa inayopanda kutoka chini huendelea kuyazungusha. Akikaribia ardhi huinua pua kupunguza kasi, kisha huvuta wenzo ule juu, na nguvu iliyobaki kwenye mzunguko huipokea helikopta itue taratibu. Nafasi hiyo huja mara moja tu, ndiyo maana marubani huifanyia mazoezi. Tarehe 21 Juni 1972, rubani Mfaransa Jean Boulet alipanda kwa helikopta hadi mita 12,442. Injini ikazimika, haikuwaka tena. Alishuka kwa njia hiyohiyo, akatua salama.