Chakula cha Moto Kazini

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa magengi ya Thika na Ruiru)



Gengi letu limeombwa kusema machache juu ya chakula cha mchana. Huenda wengine watacheka kwamba katika mkutano wa Chama tumesimama kuzungumza habari za sufuria. Lakini mshahara na chakula ni ndugu wa tumbo moja. Nyongeza tuliyoipigania mwaka mzima yaweza kuishia hotelini, sahani baada ya sahani.

Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na tangu hapo watu wa gengi hula kando ya njia. Sisi hatukai mahali pamoja. Leo tuko karibu na stesheni, kesho tuko mbali, hakuna hoteli wala kivuli. Ifikapo saa saba tumeinua slipa na kushindilia kokoto tangu asubuhi, na ikiwa ni mwezi wa Julai, baridi ya Ruiru imetuingia mifupani. Ugali baridi wakati huo ni adhabu.

Tena si adhabu tu, ni hatari. Mwenzetu mmoja alileta wali uliopikwa jioni, ukalala mezani, ukapashwa kidogo alfajiri na kufungwa. Alikula saa saba. Kabla ya saa kumi alikuwa akitapika kando ya njia, nasi tukamchukua kwa toroli mpaka barabarani. Alipona, lakini alikosa kazi siku tatu, na kwa kuwa ni kibarua, siku hizo hazikulipwa.

Daktari alitueleza sababu. Katika mchele kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha tena. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzijoto 60, au kiwekwe kwenye baridi chini ya 5. Katikati ndipo penye maradhi. Sisi tuliosoma shule za misheni tunalikumbuka kanisa la Laodikia, lililolaumiwa kwa uvuguvugu wake. Basi na chakula ni hivyo hivyo.

Sasa, dawa ni nini? Ni chombo kinachozuia moto usitoke. Themosi ilianza kwa mtaalamu wa Uskoti, James Dewar, mwaka 1892. Yeye alitaka kutunza vitu vya baridi kali, si uji. Alifanya chupa mbili, moja ndani ya nyingine, akaondoa hewa katikati. Pasipo hewa, joto halina njia rahisi ya kupita. Siku hizi ziko themosi za chuma zenye mdomo mpana, zinazofaa chakula. Hotpoti ya plastiki nayo ni nzuri, lakini tumeona kwamba ikifungwa saa kumi na moja alfajiri, kufika saa saba chakula kimekwisha kuwa vuguvugu.

Asiye na themosi asikate tamaa. Gengi letu hutumia kikapu kikubwa, kilichotandikwa nyasi kavu na blanketi kuukuu pande zote, chini na juu. Waingereza walitumia sanduku la nyasi namna hii wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuni na makaa yalipokuwa haba. Sufuria moja ya githeri ya watu sita huingia humo. Sufuria kubwa iliyojaa hutunza moto kuliko vikopo sita, kama vile watu wengi wakilala chumba kimoja hawasikii baridi.

Yashikeni haya. Kwanza, pikeni maharagwe mpaka yaive kabisa jikoni. Kikapu chetu ni cha kutunza, si cha kupikia. Pili, themosi itiwe maji yanayochemka kwa dakika kumi, kisha mwageni na kupakua chakula kikiwa bado chatokota. Tatu, jazeni chombo, wala msikifungue njiani kuonja. Nne, saa ya kula chakula kitoe mvuke na kuhitaji kupulizwa. Kikiwa vuguvugu, kiacheni, hata kama chauma moyo.

Tena liko jambo la nyumbani. Chakula hiki hakijipiki. Mama watoto huamka saa kumi za usiku, nasi tukirudi jioni twamwachia chombo chenye ukoko. Gengi letu limekubaliana kwamba kila mtu ataosha chombo chake mwenyewe, na siku ya mapumziko ataloweka maharagwe na kuchambua mboga. Aliyeona ni aibu alipewa wiki moja ya kula mkate mkavu, akabadili fikira.

Mwisho, tusidanganyike. Kikapu hakifuti madai yetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Lakini habari ya chakula, yamfunga pale tu tulipopatana naye wazi katika mkataba. Kwa hiyo twaomba Chama kitie katika mazungumzo yajayo mambo matatu: kivuli cha kulia, maji ya kunawa, na saa ya chakula isiyokatwa na mnyapara. Mpaka hapo, tujilinde wenyewe.

Jumatatu kikapu chetu kitakuwa kando ya njia, upande wa Ruiru. Njoni saa saba mwone. Leteni vijiko.