Kijana Wetu Akiitwa Mahojiano ya Kazi ya Serikali

(Hotuba iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Katelembo)



Wazee wetu, akina mama, viongozi wa vikundi, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kuja. Najua wengine mmeacha punda kwenye foleni ya maji. Wenyeviti wa vikundi vitatu waliniomba niongee juu ya jambo ambalo limeleta maneno makali katika mikutano yenu. Swali lenyewe ni hili: je, kikundi kinaweza kutoa pesa kwenye sanduku ili kijana wake "ashikwe mkono" apate kazi ya serikali?

Jibu langu nalitoa sasa hivi ili msikae mkilingoja. Hapana. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewatupa. Mzazi aliyeuza ng'ombe wawili ili mtoto amalize kidato cha nne, kisha akamwona amekaa nyumbani miaka minne, hasaidiwi na neno "hapana" peke yake. Pesa hizo hizo mnazotaka kumpa mtu msiyemjua zinaweza kumsaidia kijana kwa njia nyingine, nayo ni kumwezesha kusoma. Na somo lenyewe ni serikali: jinsi ilivyoundwa, nani hufanya nini, na mwananchi ana haki gani mbele yake.

Kwanza tumalize hilo la kushikwa mkono. Sheria ya kuzuia hongo ya mwaka 2016 haimwangalii anayepokea tu. Anayetoa naye ni mkosaji. Adhabu yaweza kufika miaka kumi gerezani, au faini ya shilingi milioni tano, au zote mbili. Sasa fikirini: pesa zikitoka kwenye sanduku la kikundi, na mweka hazina akaandika kitabuni, nani atakuwa ametoa? Ni ninyi nyote. Na mara nyingi yule wa kupokea hana hata kiti katika ofisi anayoitaja. Ni dalali tu. Anachukua laki moja kwa vijana kumi, na kama mmoja ataajiriwa kwa uwezo wake mwenyewe, dalali anasema "mmeona kazi yangu?" Wale tisa anawaambia wangoje awamu nyingine. Huyo hana hasara kamwe, mnanielewa?

Kuna na lile la vyeti. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa ripoti baada ya vyeti vya watumishi kukaguliwa, na zaidi ya 2,000 walionekana wana vyeti vya kughushi. Watu hao walikuwa kazini tayari. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba ukishaingia umeingia. Faili inaweza kufunguliwa tena baada ya miaka mingi, wakati una watoto shuleni.

Sasa tuingie kwenye njia yenyewe.

Katika nchi nyingine kuna mtihani mmoja mkubwa wa kuingilia utumishi. India wanao kila mwaka, na vijana laki nyingi huukalia kwa nafasi chache. China walikuwa nao kwa karne nyingi, wakaufuta mwaka 1905. Jirani zetu Tanzania wana Sekretarieti ya Ajira, ambayo huwaita watu kwenye usaili wa kuandika kwanza, na wanaofaulu ndio wanaokwenda kwenye usaili wa kuongea. Sisi Kenya hatuna mtihani mmoja wa wote. Kazi hutangazwa, watu huomba, majina huchujwa, walioitwa huhojiwa na jopo. Ofisi zingine huwapa karatasi ya maswali ya kuandika kabla ya mahojiano. Hata pasipo karatasi, yale mahojiano ni mtihani. Ukiketi mbele ya watu watano na wote wana kalamu, huo ni mtihani.

Na milango ni miwili. Serikali kuu ina Tume ya Utumishi wa Umma, iliyo Nairobi. Serikali ya kaunti ina Bodi yake ya Utumishi wa Umma, hapa hapa Machakos. Nimeona barua ya kijana aliyeomba kazi ya karani wa kaunti akaituma kwa Tume Nairobi. Barua nzuri, mwandiko mzuri, na ilipotelea huko. Huyo alianguka kabla hajaulizwa swali hata moja, kwa kutojua serikali ina ngazi mbili.

Ndiyo maana nasema tusome. Lakini tusome nini? Hapa nina neno kwa wazazi. Mnawapa watoto vile vitabu vya kaka zao wakubwa, vya miaka ya tisini, mkisema serikali ni ile ile. Siyo ile ile. Kitabu cha wakati huo kitamwambia kijana kwamba Kenya ina mikoa minane, kwamba waziri ni mbunge, na kwamba Bunge lina nyumba moja. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilisha yote hayo. Tuna kaunti 47. Waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Bunge lina nyumba mbili, Bunge la Taifa na Seneti. Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa maeneo, akina mama 47 wa kaunti, na 12 wa kuteuliwa. Seneti ina wanachama 67 bila kumhesabu Spika wake, na kazi yake kubwa ni kulinda kaunti. Kijana akijibu kwa kitabu cha zamani ataonekana amelala tangu Kibaki hajawa Rais.

Katiba yenyewe ina sura 18 na vifungu 264. Msiogope. Hakuna jopo litakalomwuliza mtu avikariri vyote. Kuna tafsiri ya Kiswahili, na Kenya Law wameweka Katiba kwenye mtandao bila malipo. Ushauri wangu ni kusoma kwa Kiswahili ili uelewe, halafu usome kwa Kiingereza ili uyajue maneno ambayo jopo litatumia. Katiba yenyewe inasema tafsiri zikigongana, ile ya Kiingereza ndiyo inayoshika.

Mahali pa kukazia ni vifungu vichache. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Cha 10 kina maadili ya taifa. Sura ya Nne ni ya haki, na humo kifungu cha 43 kinataja afya, chakula, maji, makao na elimu. Sura ya Sita ni ya uongozi na uadilifu. Halafu kifungu cha 232. Hicho, vijana, kijueni kama mnavyojua njia ya kwenda kisimani. Ndicho kinachosema mtumishi wa umma awe mtu wa namna gani: asibague, atumie mali ya umma bila kupoteza, awape watu habari za kweli kwa wakati, akubali kuulizwa. Na humo humo kimeandikwa kwamba watu waajiriwe kwa kushindana kwa haki na kwa uwezo. Mtu akikuambia "lete kitu kidogo", anavunja kile kifungu utakachoulizwa.

Lakini kukariri vifungu hakutoshi. Nimekaa na vijana wanaojua nambari zote kama kasuku, ukiwauliza nani atengeneze barabara inayopita kwao wananyamaza. Serikali inasomwa vizuri zaidi ukiishika kwa mambo ya hapa. Mwisho wa Katiba kuna Jedwali la Nne linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Chukueni jedwali hilo mtembee nalo kijijini.

Zahanati haina dawa? Hiyo ni ya kaunti. Hata hospitali yetu kubwa ya Level Five pale mjini iko chini ya kaunti. Shule ya msingi haina walimu? Hiyo ni serikali kuu, na walimu huajiriwa na tume yao, TSC. Lakini darasa la watoto wadogo wa chekechea ni la kaunti. Chuo cha ufundi cha kijijini, kaunti. Polisi, serikali kuu. Afisa wa kilimo wa kutuonyesha namna ya kupiga matuta, kaunti. Maji ya kutumia nyumbani, kaunti. Chifu na naibu wake ni watumishi wa serikali kuu, na msimamizi wa wadi ni wa kaunti. Wanaweza kukaa chini ya mti mmoja wakiongea na watu wale wale, na mabosi wao ni tofauti kabisa. Mama mmoja aliniambia, "Kumbe ndiyo sababu nimezungushwa miezi mitatu!" Alikuwa akimlalamikia chifu juu ya dawa za zahanati.

Mwaona faida ni mara mbili. Kijana anajiandaa kwa mahojiano, na kikundi kinajua mlango wa kubisha.

Na wazee, ninyi mna darasa ambalo halimo katika vijitabu vya maswali. Jopo la kaunti laweza kuuliza historia ya mahali. Kijana ajue kwamba Machakos ilikuwa kituo cha utawala cha Kampuni ya Waingereza tangu 1889, kabla Nairobi haijawa mji. Ajue habari ya mwaka 1938, serikali ya mkoloni ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kusema wamezidi malisho, na ng'ombe hao wakiuzwa kwa kiwanda cha nyama cha Athi River. Watu kwa maelfu, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi kumwona Gavana, wakapiga kambi huko wiki kadhaa. Kiongozi wao Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha serikali ililegeza, ikaacha kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa nguvu. Hiyo ni siasa na serikali, tena ya nyumbani. Leo Katiba inaitaka kaunti iwashirikishe wananchi kabla ya kuamua. Wale wa 1938 hawakuwa na kifungu chochote mkononi. Kijana akiweza kuyaunganisha mambo hayo mawili mbele ya jopo, watainua macho kutoka kwenye karatasi zao.

Kuna swali linalowachanganya wengi: "Ndugu yako akija ofisini kwako akitaka kutangulizwa kwenye foleni, utafanya nini?" Vijana wetu hujibu haraka, "Nitamfukuza!" Hakuna anayewaamini. Katika Ukamba nani humfukuza mjomba wake? Ni afadhali aseme ukweli: nitamsalimu kwa heshima, nitamweleza utaratibu, nitamwonyesha foleni, na kama uamuzi wenyewe unamhusu yeye nitamwambia mkubwa wangu ili mwingine aushughulikie. Jibu la namna hiyo linaonyesha mtu anaijua sheria na anawajua watu.

Neno kuhusu ukabila, maana nimesikia mkisema kazi za kaunti ni zetu tu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayomfungulia mtoto wa Katelembo nafasi Mombasa au Nakuru. Mwambieni aangalie matangazo ya huko pia.

Na msidhani ni kazi za vijana wenye vyeti peke yake. Sheria hiyo imetaja baraza la kijiji: msimamizi wa kijiji pamoja na wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano, wanaopatikana kwa kushindana na kwa kibali cha Bunge la Kaunti, na usawa wa wanaume na wanawake ukiangaliwa. Mzee wa kijiji lazima awe ameishi hapo mfululizo miaka mitano au zaidi. Akina mama mnaoongoza vikundi, mbona mnainamisha vichwa? Nafasi hizo zikitangazwa, nanyi mtaulizwa maswali haya haya.

Basi, kuhusu lile sanduku. Mwethya wetu umezoea kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Kusoma nako kunaweza kwenda hivyo. Vijana watano au sita wakutane jioni mbili kwa wiki. Mmoja ashike Katiba aulize, wengine wajibu kwa sauti, kwa sababu mahojiano ni ya mdomo na mtu aliyesoma kimya kimya hukwama. Mwalimu mstaafu aje kusikiliza Kiingereza chao. Kikundi kilipie nakala mbili za Katiba, fotokopi za vyeti, na nauli ya kwenda kwenye mahojiano. Anayeajiriwa arudishe nauli sandukuni mshahara wa kwanza ukiingia. Asiyeajiriwa asidaiwe.

Sitawadanganya kwamba kila atakayesoma ataajiriwa. Nafasi ni chache, na mahali pengine upendeleo bado upo. Mtu akiona amenyimwa kwa hila, aandike kwa bodi kuomba sababu, kwa sababu Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa haki ya kuuliza. Akiombwa hongo, apeleke habari kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na Kamati ya Haki na Amani ya parokia itamsindikiza kama anaogopa kwenda peke yake.

Mikutano ya kusoma itaanza Jumanne ijayo saa kumi na moja jioni, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Kila kijana aje na daftari na jina la tatizo moja la kijiji chake, halafu tutatafuta pamoja ni la serikali ipi. Vikundi vitakavyotoa pesa za nakala vimwone katibu wa parokia kabla ya Jumapili, na risiti ziandikwe.